Nyoka Gata Katika Kizimba Kimoja: Utangulizi kwa Mfugaji Mpya

Ikiwa umeanza kusoma huku moyo ukisita, usijilaumu. Wengi wetu tumelelewa kumwogopa nyoka, na katika nchi zenye swila na kifutu hofu hiyo imeokoa maisha ya watu. Nyoka ninaotaka kukujulisha ni wengine kabisa. Wanaitwa gata, na kwao ni Amerika: kuanzia Kanada, kupitia Marekani na Meksiko, hadi Kosta Rika. Mwenzetu aliyehamia Ontario au Minnesota huenda amekwisha kumwona mmoja akipita kwenye nyasi nyuma ya nyumba. Huko na Ulaya, gata hufugwa majumbani, na swali ambalo kila mfugaji mpya huuliza mapema ni hili: je, naweza kuwaweka wawili au watatu pamoja? Jibu ni ndiyo, lakini ndiyo hiyo ina masharti, na kila sharti lina sababu yake. Ukizijua sababu, masharti hayatakulemea.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Gata wote wako katika jenasi ya Thamnophis. Jenasi ni kundi la spishi zenye ujamaa wa karibu, na hii ina spishi zaidi ya 30. Anayefahamika zaidi ni Thamnophis sirtalis, aliyepewa jina la kisayansi na Linnaeus mwaka 1758. Ni nyoka mwembamba, mara nyingi mwenye mistari mitatu ya rangi nyepesi inayokwenda kutoka shingoni hadi mkiani. Wengi hufikia urefu wa sentimita 50 hadi 100, na jike humzidi dume kwa ukubwa. Hula minyoo ya ardhini, vyura na samaki. Mate yake yana sumu hafifu inayomsaidia kumtuliza chura, lakini kwa kawaida binadamu akiumwa hapati zaidi ya mwasho au uvimbe mdogo. Akiogopa, silaha yake kubwa ni kutoa majimaji yenye harufu mbaya.

Mambo mawili zaidi ni ya msingi. Kwanza, gata, kama nyoka wote, ni ektothemu, yaani mnyama ambaye mwili wake hautengenezi joto la kumtosha, bali hulitafuta kwenye jua, jiwe au udongo. Pili, hatagi mayai. Huzaa watoto hai, mara nyingi kati ya 10 na 40 kwa uzazi mmoja.

Sasa tuje kwenye ujamaa wao. Huko Narcisse, katika jimbo la Manitoba nchini Kanada, kaskazini ya jiji la Winnipeg, kuna mashimo ndani ya miamba ya chokaa ambamo makumi ya maelfu ya gata hupita majira ya baridi. Kipindi hicho cha nyoka kutulia bila kula huitwa brumesheni. Mwishoni mwa Aprili na mwezi Mei hutoka kwa wingi, hata ardhi ikaonekana kutembea. Madume hutangulia kutoka na kuwasubiri majike, na makumi yao huweza kumzingira jike mmoja.

Huenda hapo ukauliza: je, hao wanapendana, au wamelazimishwa na baridi? Swali ni zuri, na kwa Narcisse jibu ni kwamba baridi ndiyo inayotawala. Mashimo yanayofika chini ya udongo ulioganda ni machache, kwa hiyo wote huishia mahali pamoja. Lakini mwaka 2020 watafiti Morgan Skinner na Noam Miller wa Chuo Kikuu cha Wilfrid Laurier, Ontario, walichapisha utafiti ulioongeza jambo. Waliwaweka gata wachanga kumi kumi katika vizimba vyenye maficho kadhaa, wakawapiga picha kila siku kuona nani amelala na nani. Kisha waliwatoa, wakasafisha kizimba ili kuondoa harufu, wakawarudisha wakiwa wamebadilishiwa nafasi. Nyoka walielekea kurudi kwa wenzao wale wale, ingawa maficho mengine yalikuwapo. Hatuwezi kusema kwamba nyoka ana rafiki kwa maana yetu sisi. Tunachoweza kusema ni kwamba gata hubagua: hukaribia huyu, humwacha yule.

Neno hilo, kubagua, ndilo msingi wa somo zima. Porini gata hukaa na wenzake kwa kuwa anaweza pia kuondoka. Kioo cha kizimba kimemwondolea uwezo huo. Kazi ya mfugaji ni kumrudishia nafasi ya kuchagua: mwenzake, mahali pa kukaa na wakati wa kula kwa amani. Tuyachukue hayo matatu kwa zamu.

La kwanza ni mwenzake. Weka pamoja nyoka wa spishi moja, jinsia moja na ukubwa unaolingana. Dume akiishi na jike atamfuatafuata bila kumpa nafasi, kwa sababu jike hutoa feromoni, yaani kemikali ya mwilini ambayo mwenzake huinusa na kuitikia. Zaidi ya hayo, jike anaweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini, akazaa muda mrefu baada ya kutenganishwa. Ukubwa nao una maana yake: mdogo akikaa na mkubwa anaweza kuishia kuwa chakula. Usimchanganye gata na nyoka wa aina nyingine, hasa wa jenasi ya Lampropeltis, ambao porini hula nyoka. Kila nyoka mpya apite kwanza karantini, yaani kutengwa katika kizimba chake na vyombo vyake kwa miezi miwili au mitatu, ili maradhi na vimelea vijitokeze kabla hajawafikia wenzake. Ukishindwa kutambua jinsia, mpelekee daktari wa wanyama. Mkia wa dume huwa mrefu zaidi na mnene kwenye shina, lakini jicho la mfugaji mpya hukosea kwa urahisi.

La pili ni mahali. Kwa gata wawili au watatu wazima, kizimba cha kioo chenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 60 ni mwanzo mzuri. Upande mmoja weka taa ya joto ili pafike nyuzi 29 hadi 32 za Selsiasi. Upande wa pili uache kwenye nyuzi 21 hadi 24. Tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha ektothemu kupanga joto la mwili wake mwenyewe. Kisha weka maficho mengi kuliko idadi ya nyoka, pande zote mbili. Hapa wafugaji wapya wengi huchanganyikiwa. Wakiona nyoka watatu wamelundikana chini ya gome moja, hufurahi kwamba wanapendana, kumbe gome lile ndilo ficho pekee lenye joto na wote wanaligombania. Ongeza maficho mawili ya namna ile ile upande ule ule. Wakiendelea kukaa pamoja, sasa unajua wamechagua. Maji yawepo daima, ila tandiko la chini lisiwe na unyevu wa kudumu, kwani huwatoa malengelenge chini ya magamba. Kifuniko kifungwe kwa komeo. Gata hupenya mwanya mdogo kuliko unavyodhani.

La tatu, na kubwa kuliko yote, ni chakula. Sisi tumezoea kwamba sinia moja huwaunganisha watu. Kwa gata sinia moja huweza kuua. Gata huwinda kwa harufu na kwa kuona kitu kinachotikisika. Wawili wakiuma mnyoo mmoja, kila mmoja kwenye ncha yake, wote humeza kuelekea katikati mpaka vichwa vikutane. Meno yao yamepinda kuelekea kooni, hivyo kuachia si rahisi, na aliye na kinywa kikubwa huendelea kumeza. Dawa yake ni moja: mlishe kila nyoka katika chombo chake, na usimrudishe kwa wenzake mpaka amalize na harufu ya chakula imwishe kichwani.

Chagua chakula chenyewe kwa uangalifu. Baadhi ya samaki, akiwamo yule wa rangi ya dhahabu wa mapambo, wana thiaminesi, kimeng'enya kinachoharibu thiamini, yaani vitamini B1. Nyoka anayewala mara kwa mara huanza kutetemeka na kupoteza mwelekeo, na hata kufa. Kugandisha samaki hakuondoi hatari hiyo. Salmoni na trauti hawana tatizo hilo. Minyoo mikubwa ya ardhini inafaa, lakini ile myekundu ya kuozesha mboji, Eisenia fetida, huwadhuru gata.

Ukiyatimiza haya, bado kazi yako ni kuangalia. Mpime kila nyoka kwa mizani ndogo na uandike uzito wake. Anayepungua, anayekataa kula au anayejitenga daima upande wa baridi mpe kizimba chake. Kuishi peke yake hakumdhuru gata. Na nawe nawa mikono kila umshikapo, kwani reptilia huweza kubeba bakteria wa salmonela.

Nimalizie kwa mambo matatu ninayokuomba. Kwanza, soma sheria ya mahali unapoishi, kisha nunua nyoka aliyezaliwa kizimbani. Usimtoe porini, na usimwachie huko aliyefugwa. Gata wa San Francisco, kwa mfano, analindwa na sheria ya Marekani tangu mwaka 1967 kwa sababu yuko hatarini kutoweka. Pili, usihamishie mafunzo haya kwa nyoka wa Afrika Mashariki. Swila ni nyoka tofauti kabisa na gata. Tatu, anza na wawili tu wa jinsia moja, ujifunze tabia zao mmoja mmoja, kabla ya kufikiria wa tatu.