Watoto wa Mbwa Wapewe Joto Bila Hatari

Mbwa ni mlinzi wa nyumba. Usiku mwizi akija, mbwa anabweka. Mchana anafuatana na wachungaji malishoni. Kwa hiyo mbwa jike akizaa, mwenye nyumba anafurahi.

Lakini mara nyingi furaha hiyo haidumu. Baada ya siku mbili au tatu, watoto wa mbwa wanaanza kufa mmoja mmoja. Watu wengine husema wamerogwa. Wengine husema maziwa ya mama yao ni mabaya. Sababu moja kubwa ya vifo hivyo ni baridi.

Kwa nini baridi inawaua?

Mtoto wa mbwa anazaliwa akiwa amelowa. Macho yake yamefumba. Yatafumbuka akifikisha siku 10 hadi 14. Mwili wake bado hauwezi kujitengenezea joto la kutosha. Hawezi hata kutetemeka kama sisi tunavyotetemeka tukiona baridi. Joto lake linatoka kwa mama yake na kwa ndugu zake.

Mama akitoka kwenda kutafuta chakula, watoto wanapoa. Mtoto aliyepoa hana nguvu ya kunyonya. Asiponyonya, anazidi kupoa. Mwisho anakufa.

Katika sehemu za milimani, kama Njombe na Makete, baridi ni kali mwezi wa Juni na Julai. Lakini hata sehemu zenye joto, mtoto aliyenyeshewa mvua anaweza kufa.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani

Watu wengi wakiona watoto wa mbwa wanalia kwa baridi, wanawahurumia. Wanawaingiza ndani ya nyumba. Wanawasha jiko la mkaa na kuliweka karibu nao. Kisha wanafunga mlango na kulala.

Ndugu msomaji, usifanye hivyo! Mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haionekani kwa macho, wala haina harufu. Hata mkaa usiotoa moshi unatoa sumu hiyo. Mtu aliyelala hajui kwamba anaivuta. Watoto wa mbwa watakufa, na familia nzima inaweza kufa pamoja nao.

Usidanganyike kwamba dirisha likiachwa wazi kidogo hakuna hatari. Jiko lisiwekwe katika chumba cha kulala. Koroboi nayo isiwekwe karibu na nyasi. Mbwa akiipiga kwa mkia, nyumba inaungua.

Kama watu wamekaa karibu na jiko ndani ya nyumba, wakaumwa kichwa, wakaona kizunguzungu au wakatapika, watolewe nje upesi. Kisha wapelekwe hospitali.

Njia iliyo salama

Kwanza, tengeneza kitanda cha mbwa kabla hajazaa. Chukua sanduku la mbao, au panga matofali kwenye kona ya banda au jiko la nje. Mahali hapo pasivuje, wala pasipitishe upepo. Mama aweze kulala na kujinyoosha.

Usiwalaze kwenye sakafu tupu, maana ardhi inanyonya joto. Tandika mbao au maboksi. Juu yake weka nyasi kavu nyingi, kisha gunia safi. Kata nyuzi zilizolegea, zisije zikamfunga mtoto shingoni. Matandiko yakilowa, yabadilishe siku hiyo hiyo.

Pili, mama yao akiwa hayupo, au usiku wa baridi kali, tumia chupa ya maji ya moto. Maji yasiwe yanachemka. Funga kifuniko vizuri. Izungushie kitambaa kizito. Ishike kwa mkono. Kama inakuunguza wewe, itamwunguza na mtoto wa mbwa.

Weka chupa upande mmoja tu wa kitanda. Upande wa pili usiwe na kitu. Mtoto akiona joto limezidi, atatambaa aende huko. Chupa ikipoa, itoe, kwa sababu chupa ya baridi inawapunguzia joto.

Waangalie wanavyolala

Watoto wa mbwa wenye joto la kutosha wanalala kimya, mmoja karibu na mwingine. Wakirundikana na kulia, wanaona baridi. Wakilala mbalimbali na kuhema, joto limezidi.

Ukimkuta mmoja amelegea na mwili ni wa baridi, usimpe maziwa. Tumbo lake haliwezi kuyasaga, na maziwa yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mpanguse akauke. Mkumbatie kifuani, ndani ya nguo yako. Mpashe joto polepole, hata kama itachukua saa nzima au zaidi. Usimweke karibu na moto. Akipata joto na kuanza kujinyoosha, mrudishe kwa mama yake anyonye.

Mama naye atunzwe

Watoto wanyonye maziwa ya kwanza, yaani dang'a, siku ile ile waliyozaliwa. Maziwa hayo yanawakinga na magonjwa. Mama apewe ugali na dagaa au mabaki ya nyama, na maji safi karibu naye. Akishiba, hatawaacha watoto muda mrefu.

Ashughulikiwe na mtu anayemzoea. Watoto wa nyumbani wasimsogelee, maana mbwa aliyezaa huweza kuuma hata wenyeji wake. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Kisha aende hospitali mara moja, kwa sababu ya hatari ya kichaa cha mbwa. Mwulize mtaalamu wa mifugo siku za kuwachanja mama na watoto wake.

Ndugu msomaji, nyasi kavu, gunia na chupa ya maji ya moto vinapatikana kijijini. Vinatosha kuokoa watoto wa mbwa. Jiko la mkaa libaki nje. Tuwalinde walinzi wetu, lakini na sisi tuamke salama.