MTU ANAANZAJE KUENDESHA KATAPILA? SAFARI YA KUTOKA GRISI MPAKA KITI

Leo tuongelee kitu ambacho vijana wengi tuliomaliza Form Four na kubaki mtaani tunajiuliza tukipita kwenye barabara inayojengwa. Hawa jamaa wanaokalia greda na ekskaveta walianzaje? Tangazo la kazi likitoka linataka opereta mwenye uzoefu wa miaka kadhaa. Sasa uzoefu utaupata wapi wakati hakuna anayekupa mtambo bila uzoefu? Yaani unaambiwa ujue kuogelea kwanza ndio uruhusiwe kuingia majini!

Jibu fupi ni hili: wengi wa zamani walianzia pembeni ya mtambo. Walishika pampu ya grisi, wakabeba madumu ya dizeli, wakalala nje kuulinda, na siku moja wakakaa kwenye kiti. Jibu refu lina historia na lina hesabu, na ndani yake kuna tahadhari inayoweza kukuokolea hela ya mzazi. Twende taratibu.

KWANZA MAJINA

Mtaani kwetu kila chuma chenye minyororo ni katapila. Hilo ni jina la kampuni. Mwaka 1904 huko Stockton, California, Marekani, bwana mmoja anaitwa Benjamin Holt alijaribu trekta lililovuliwa matairi ya nyuma na kuvalishwa minyororo ili lisizame kwenye udongo laini. Mwaka 1925 kampuni yake iliungana na ya mshindani wake Best, ikazaliwa Caterpillar. Chuma kikaja kwetu na jina lake, tukalilainisha.

Kazini lakini ukisema katapila watakuuliza lipi. Kuna buldoza la kusukuma udongo, ekskaveta la kuchimba (wengine wanaita kijiko), loda la kubeba na kupakia, rola la kushindilia, na greda la kusawazisha. Kujua moja sio kujua yote. Kumbuka hilo, tutalirudia.

MRADI WA KARANGA

Moja ya sehemu za mwanzo kabisa ambapo mitambo mingi ilimwagwa kwa mpigo Tanganyika ni Kongwa, mwaka 1947. Serikali ya Uingereza ilitaka mafuta ya kula baada ya vita, ikaamua kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mitambo mipya ilikuwa haipatikani kirahisi, ikabidi zinunuliwe mashine chakavu zilizoachwa na jeshi la Marekani kule Ufilipino. Hata vifaru vya kivita aina ya Sherman viligeuzwa matrekta, yakaitwa Shervick. Kufyeka pori walitumia buldoza mbili zinazokwenda sambamba huku katikati zikiburuta mnyororo mzito unaong'oa miti.

Nani aliendesha? Wazungu wachache walikuja na ujuzi, ila kazi ile isingewezekana bila Waafrika, ikabidi wafundishwe hapo hapo. Baadhi walikuwa askari waliorudi Vita Kuu ya Pili, ambako walishajifunza kuendesha malori. Wengine trekta waliliona mara ya kwanza siku waliyoajiriwa. Mafunzo yalikuwa ya haraka haraka, mashine zenyewe zimechoka, udongo mgumu kama saruji wakati wa kiangazi. Matokeo yake mitambo ilikufa kwa wingi. Mwaka 1951 mradi ulifungwa baada ya kula kama pauni milioni 36. Karanga hazikupatikana za maana, lakini vijana waliotoka pale walikuwa wameshagusa chuma.

Somo la Kongwa ni moja: ukimkalisha mtu kwenye kiti kabla hajaujua mtambo, utakaoumia kwanza ni mtambo.

TAZARA: KUJIFUNZA KWA MACHO

Ruka mpaka 1970. Reli ya TAZARA inaanza kujengwa, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Vijana wetu wengi waliingia, wakiwemo waliopitia JKT. Wataalamu walikuwa Wachina, na lugha ilikuwa kikwazo. Utamuelewaje mwalimu ambaye hajui Kiswahili na wewe hujui Kichina?

Njia iliyotumika ilikuwa ya vitendo. Mchina anafanya, wewe unaangalia. Kisha unafanya wewe, yeye anaangalia. Ukikosea anakuonyesha tena. Kipande cha Mlimba mpaka Makambako ndicho kilikuwa kigumu kuliko vyote, milima na mabonde, madaraja na mahandaki yamejaa humo. Ujenzi ulikamilika 1975, na walioshika kazi humo walitoka na ujuzi ambao hakuna darasa liliwapa. Mpaka leo opereta mzee akikufundisha atakwambia "angalia mkono wangu". Hakupi notsi.

NJIA YA SPANA BOI

Sasa tuje kwenye njia ambayo imezalisha maopereta wengi zaidi kwa miaka mingi. Kila mtambo una opereta, na opereta ana msaidizi. Majina yapo mengi, spana boi, tandiboi, au "dogo" tu. Asubuhi kabla ya injini kuwashwa, dogo anapima oili, anacheki maji ya rejeta, anaangalia minyororo kama imelegea, anachunguza bomba za haidroliki kama zinavuja, anapiga grisi kwenye kila kiungo. Kila mtambo una mita inayohesabu masaa ya kazi, na kwa mitambo mingi ikifika masaa 250 oili ya injini inamwagwa. Dogo yupo chini ya mtambo anafungua bolti.

Kazi chafu. Lakini baada ya miezi sita dogo anajua mlio wa injini yenye afya na mlio wa injini inayoumwa. Anajua joto likipanda maana yake nini. Opereta akimwamini, anampa kazi ya kuuwasha asubuhi upate moto. Baadaye kuusogeza mita kumi. Jioni kuupaki. Siku opereta anaumwa malaria na bosi analia kazi imesimama, mtu pekee aliyepo ni dogo. Anaingia kama deiwaka, na akifanya vizuri hashuki tena.

Mara nyingi kiti cha kwanza kinakuwa cha rola, kwa sababu linakwenda mbele na kurudi nyuma. Linaonekana jepesi, ila lina mitego yake. Ukiliacha linatetemeka huku limesimama linachimba shimo kwenye tabaka jipya, na ukilisogeza sana kwenye ukingo wa tuta linapinduka na wewe.

KWA NINI BOSI HAKUPI UJARIBU

Wengi tunadhani ni roho mbaya. Piga hesabu. Ekskaveta la tani 20 likichapa kazi linaweza kunywa dizeli kama lita 15 kwa saa. Ukijifunza masaa 10 umekunywa lita 150, na udongo uliochimba haulipwi na mtu yeyote. Hapo hujagonga kitu. Ukikata bomba la maji au waya wa umeme uliopita chini, mtaa mzima unapiga kelele na kampuni inadaiwa.

Halafu mikono yenyewe inachanganya. Ekskaveta lina stiki mbili. Kwa mpangilio unaotumika sana, ya kushoto ukiipeleka pembeni mtambo unazunguka, ukiisukuma au kuivuta inaendesha mkono mdogo. Ya kulia mbele na nyuma inashusha na kuinua mkono mkubwa, pembeni inakunja na kufungua kijiko. Vyote vinne vinatakiwa viende kwa pamoja kama mtu anayekula ugali, hafikirii vidole. Na kuna mashine ambazo mkono mkubwa upo kushoto na mdogo upo kulia. Mtu aliyezoea moja akirukia nyingine bila kuuliza anaweza kuteremsha chuma pale alipotaka kukinyanyua. Hapo chini akiwepo mtu, ni msiba.

Buldoza nalo lina pedali ambayo ukiikanyaga linapunguza kasi. Dereva wa lori aliyezoea kukanyaga ili aongeze anachanganyikiwa kabisa siku ya kwanza. Greda ndio usiseme. Unacheza na pembe ya blade, mlalo wa matairi ya mbele, na vigingi vya sarveya, mpaka barabara inapata mgongo wa kumwaga maji. Ukikosea kidogo mvua ya kwanza inaonyesha. Ndio maana opereta wa greda la kumalizia anaheshimika sana saiti.

TATIZO LA KARATASI

Hapa ndipo pana uchungu. Yule dogo aliyepanda kutoka kwenye grisi anaweza kuwa na miaka 15 ya kazi, lakini hana cheti. Migodi na miradi mikubwa haiangalii mikono, inaangalia karatasi kwanza. Matokeo yake mtu anafanya kazi ya opereta na kulipwa kama kibarua, na akilalamika anaambiwa aonyeshe vyeti. Wakati huo huo anaingia kijana mwenye cheti ambaye hajawahi kuona mtambo ukizama kwenye tope, na fundi mzee ndiye anaambiwa "mwelekeze mwenzio". Inauma.

Dawa ipo, ila wengi hawaijui. VETA wana mpango wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unapimwa unachokijua kwa vitendo, unafundishwa palipopungua, unapewa cheti. Kama una kaka au mjomba mwenye ujuzi bila karatasi, mwambie aende ofisi ya VETA iliyo karibu naye aulize. Na leseni yake aihakikishe ina daraja la mtambo anaouendesha, asibaki na ya gari dogo.

Jambo jingine la karatasi ni kuumia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi 2015, upo kwa ajili ya mfanyakazi anayeumia kazini. Lakini dogo anayejifunza usiku kimya kimya, jina lake halipo hata kwenye orodha ya saiti, akibanwa na mtambo ataanza kwa kuhangaika kuthibitisha kwamba alikuwa kazini. Ukianza njia hii, dai jina lako liandikwe. Sio aibu.

UKITAKA KWENDA CHUO, PIGA HESABU KWANZA

Siku hizi kuna njia ya pili, chuo. Kwa dada zetu imefungua mlango mkubwa, maana njia ya spana boi ilikuwa ya kulala kambini na kupeana nafasi kishikaji, wao wakaachwa nje. Vyuo vizuri vipo. Lakini pia kuna vinavyouza cheti.

Chukua mfano. Chuo kinasema wiki mbili utakuwa opereta wa ekskaveta. Siku za kazi 10, mtambo ukiwaka masaa 6 kwa siku, jumla masaa 60. Mtambo ni mmoja, wanafunzi mko 30. Kila mmoja atakaa kwenye kiti masaa 2. Mawili tu! Na hayo masaa 60 yanakula kama lita 900 za dizeli. Gawanya kwa 30, ni lita 30 kila mwanafunzi, tafuta bei yake, linganisha na ada. Kama ada haifiki hata hela ya mafuta, ujue mtambo hauwashwi.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, uliza haya:

1. Chuo kimesajiliwa? NACTVET ndio wanaosajili vyuo vya ufundi siku hizi. Usiridhike na bango la getini.
2. Mitambo ipo mingapi, na INAWAKA? Nenda siku ya mazoezi ukaone kwa macho.
3. Nitakaa kwenye kiti masaa mangapi? Wakijibu kwa wiki badala ya masaa, shtuka.
4. Cheti kinataja mtambo gani? "Mitambo yote" kwa mwezi mmoja ni hadithi.

Ukishamaliza chuo usione aibu kushika grisi. Walioshika zote mbili, cheti na spana, ndio hawakosi kazi. Na nunua daftari dogo. Kila siku andika tarehe, aina ya mtambo, masaa kwenye mita ulipoanza na ulipomaliza, na saiti gani, kisha mwombe fomeni asaini. Siku mwajiri akiuliza uzoefu una kitu cha kuweka mezani. Wazee wa Kongwa na TAZARA wangekuwa na daftari kama hilo, wengi wasingestaafu wakiitwa vibarua.

Nawaachia uwanja wadau. Maopereta mliomo humu, tuambieni hapo chini kwenye maoni: kiti chako cha kwanza kilikuwa cha mtambo gani, na nani alikuachia? Na kama umesoma chuo, taja masaa uliyokaa kwenye kiti. Kuna dogo yupo cafe sasa hivi anataka kulipa ada kesho, msaidieni kabla dakika zake hazijaisha.