Walinzi wa Kompresa: Jinsi Mtambo wa Kupoza Maziwa Unavyojikinga katika Nyanda za Chai za Kericho na Bomet

Utangulizi

Msafiri atokaye Kericho kupitia Litein na Sotik hadi Bomet hulakiwa na kijani cha chai pande zote mbili za barabara. Mashamba makubwa ya eneo hili yalianza kupandwa katika miaka ya 1920, nao wakulima wadogo wakaingia kwa wingi baada ya serikali kuunda mamlaka ya kustawisha chai mwaka 1964, mamlaka ambayo mwaka 2000 iligeuzwa kuwa kampuni ya wakulima ijulikanayo kwa ufupisho wa KTDA. Hata hivyo, chai si riziki pekee ya wenyeji. Nyuma ya nyumba ya mchuma chai mara nyingi pana ng'ombe wawili watatu wa maziwa. Jani la chai lina subira ya saa kadhaa. Maziwa hayana subira hiyo.

Wakipsigis walilitatua tatizo hili kwa njia yao tangu jadi. Maziwa hutiwa katika kibuyu kiitwacho sotet, ambacho ndani yake kimesuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, yakaachwa kuchacha hadi yawe mursik. Uchachu huo ndio unaowazuia vijidudu waharibifu. Lakini soko la leo, kikiwamo kiwanda cha New KCC kilichoko Sotik, hutaka maziwa mabichi yasiyochacha. Maziwa hutoka kwenye kiwele yakiwa na joto la takriban nyuzi 37 za Selsiasi, na yanapaswa kushushwa hadi nyuzi 4 katika muda wa saa chache. Kazi hiyo hufanywa na mtambo wa kupoza maziwa, na moyo wa mtambo huo ni kompresa. Makala haya yanaeleza jinsi sehemu nyingine za mtambo zinavyoulinda moyo huo, na kwa nini ulinzi huo una uzito wa pekee katika nyanda za juu zenye baridi, ngurumo na mvua ya mawe.

Pampu ya joto

Kwa kawaida joto husafiri kutoka penye moto kwenda penye baridi, kama maji yateremkavyo mlima. Kulipandisha kinyume cha mkondo wake kunahitaji pampu. Mwaka 1834 Jacob Perkins, Mmarekani aliyeishi London, alipata hataza ya mashine ya kupoza kwa kushindilia mvuke. Mwaka 1852 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alieleza kwamba wazo hilo hilo linaweza kutumiwa kupashia majengo joto. Kwa hiyo jokofu na pampu ya joto ni mashine moja. Tofauti ni upande upi wa mashine anaouhitaji mtumiaji. Katika kituo cha maziwa pande zote mbili zaweza kufaa: baridi hupoza maziwa, na joto linalotolewa laweza kupasha maji ya kuoshea mikebe.

Utendaji wake ni huu. Gesi ya kupozea huzunguka katika mabomba yaliyofungwa. Chini ya tenki la maziwa, gesi hiyo ikiwa katika hali ya kiowevu chenye kanieneo ndogo, huchemka na kugeuka mvuke, na katika kuchemka hunyonya joto la maziwa. Jambo hili lisimshangaze msomaji, kwani gesi iitwayo R-134a, katika kanieneo ya kawaida ya hewa ya pwani, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Kompresa huuvuta mvuke huo, huushindilia na kuusukuma hadi kwenye kondensa, yaani koili ya nje yenye feni. Hapo mvuke hutoa joto lake hewani na kurudi kuwa kiowevu. Kisha kiowevu hupita katika valvu nyembamba ya upanuzi, kanieneo hushuka, na safari huanza upya.

Kiasi cha kazi hiyo chaweza kukadiriwa. Kupoza lita 1,000 za maziwa kutoka nyuzi 35 hadi nyuzi 4 ni kuondoa joto la takriban uniti 35 za nishati. Mtambo unaohamisha uniti tatu za joto kwa kila uniti moja ya umeme hutumia umeme wa takriban uniti 12. Kompresa ndiyo inayobeba mzigo huo, na kwa kawaida ndiyo sehemu yenye bei kubwa kuliko nyingine za mtambo. Ina maadui wanne: kiowevu, joto la kupita kiasi, uchafu na umeme usiotulia.

Adui wa kwanza: kiowevu

Kompresa imeundwa kushindilia mvuke. Mvuke hubonyea, kiowevu hakibonyei. Pistoni ikikutana na kiowevu ndani ya silinda ni kama nyundo inayogonga jiwe: vibati vya valvu huvunjika, hata fimbo ya pistoni yaweza kupinda. Aidha, kiowevu huosha mafuta yanayolainisha vyuma.

Mlinzi wa kwanza ni valvu ya upanuzi yenyewe. Valvu hiyo ina kitonge cha kupimia joto kilichofungwa kwenye bomba la kurudi. Hupitisha kiasi kile tu cha kiowevu ambacho chaweza kuchemka chote, kisha mvuke upate joto la ziada la nyuzi tano hadi kumi hivi kabla ya kuifikia kompresa. Joto hilo la ziada ndilo hakikisho kwamba hakuna tone lililobaki. Mlinzi wa pili ni mtungi wa kunasia kiowevu, uliowekwa kabla tu ya mlango wa kompresa katika baadhi ya mitambo. Kiowevu kilichoponyoka huanguka chini ya mtungi, mvuke ukavutwa kutoka juu. Tundu dogo lililo chini huyarudisha mafuta kidogo kidogo.

Usiku wa nyanda za juu huleta hatari nyingine. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Mtambo unapozimwa, gesi huhamia mahali penye baridi zaidi. Ikiwa kompresa iko nje kwenye baridi, gesi huingia humo na kuyeyuka katika mafuta. Alfajiri mkamuaji akifika na maziwa, swichi ikiwashwa, kanieneo hushuka ghafla, gesi hiyo huchemka ndani ya mafuta, na mafuta hutoka povu kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Vyuma hubaki bila ulainisho katika dakika zile zile vinavyouhitaji zaidi. Mlinzi wa hapa ni hita ndogo inayozungushwa sehemu ya chini ya kompresa, ambayo huyaweka mafuta katika hali ya uvuguvugu usiku kucha. Anayezima umeme wote jioni ili kupunguza gharama huizima hita hiyo pia, bila kujua kwamba ameokoa senti akaweka rehani maelfu.

Adui wa pili na wa tatu: joto na uchafu

Katika kompresa nyingi zilizofungwa, mota hupozwa na ule ule mvuke unaorudi kutoka kwenye tenki. Gesi ikivuja na kupungua, mota hukosa kipozeo chake. Swichi ya kanieneo ndogo huitambua hali hiyo na kukata umeme. Upande wa pili, koili ya nje ikizibwa na vumbi au majani, au feni ikikwama, joto hukosa pa kwenda na kanieneo hupanda. Swichi ya kanieneo kubwa ndiyo inayoingilia kati. Katika mwinuko wa mita 2,000, hewa ina uzito wa takriban asilimia 80 tu ya hewa ya Mombasa. Kwa hiyo feni ile ile hubeba joto dogo zaidi kwa kila mzunguko. Baridi ya milimani hufidia upungufu huo, lakini koili chafu huzidhoofisha zote mbili.

Uchafu wa ndani huzuiwa na kichujio chenye chembe za kukaushia. Unyevu ukichanganyika na gesi na mafuta katika joto kali huzaa asidi, na asidi hula kihami cha nyaya za mota. Ndiyo sababu fundi mwangalifu hubadilisha kichujio kila mfumo unapofunguliwa, na hutoa hewa yote kwa pampu kabla ya kujaza gesi.

Adui wa nne: umeme

Kericho inajulikana kwa radi na mvua ya mawe. Mti ukiangukia waya, umeme hukatika, hurudi, kisha hukatika tena. Kompresa ikiwashwa mara tu baada ya kuzimika, hulazimika kuanza dhidi ya kanieneo ambayo haijasawazika, na umeme wa kuanzia huwa mara tano hadi saba ya ule wa kawaida. Saa ya kuchelewesha huizuia kompresa kwa dakika tatu hadi tano. Kwa mitambo ya fezi tatu, iko rilei inayochunguza fezi; moja ikikosekana, rilei hukata umeme kabla mota haijaungua. Mwisho wa yote yuko mlinzi aliyefichwa ndani ya mota yenyewe, ambaye hukata umeme nyaya zinapopata joto la kupindukia.

Jaribu la jioni

Yafaa kutofautisha walinzi wanaozuia na walinzi wanaokata. Valvu, mtungi, hita na kichujio huzuia madhara kimyakimya. Swichi na rilei hukata, na hapo ndipo hulaumiwa. Tuseme jioni tenki limejaa maziwa ya wakulima wengi, swichi ya kanieneo kubwa inakata, inarudishwa, inakata tena. Mhudumu yumo katika jaribu: akiunganisha nyaya mbili ili kuipita swichi, mtambo utanguruma na maziwa ya usiku huo huenda yakapona. Lakini swichi haikuwa ugonjwa. Ilikuwa mjumbe wa ugonjwa. Kompresa ikiungua, kitakachopotea si maziwa ya jioni moja bali ya siku nyingi, na hasara hiyo itagawanywa kwa wakulima wasiokuwapo swichi ilipopitwa. Njia ya busara ni kuosha koili, kukagua feni, kumwita fundi na kupeleka maziwa kwingine kabla hayajaharibika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lugha ya walinzi

Suala hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili pia. Katika makala haya limetumika neno kanieneo, lililoundwa kwa kuunganisha kani na eneo. Wengine husema shinikizo, nao mafundi husema presha. Kila neno lina sifa yake: la kwanza hufafanua dhana yenyewe, kwani ni kani juu ya eneo, la pili limezoeleka katika vyombo vya habari, la tatu ndilo linalotamkwa karibu na mashine. Msanifu wa istilahi anayemdharau fundi huandika kamusi isiyosomwa, na fundi asiyepewa istilahi hubaki akiitaja kila swichi "hii kitu". Mhudumu wa zamu, ambaye huenda anazungumza Kikipsigis nyumbani na Kiswahili kazini, anahitaji ilani fupi ya Kiswahili ubaoni: "Usiipite swichi hii. Osha koili kwanza." Ilani ya namna hiyo nayo ni mlinzi, na bei yake ni ndogo kuliko ya walinzi wote waliotajwa.

Hitimisho

Imebainika kwamba kompresa haidumu kwa nguvu zake peke yake. Inadumu kwa sababu valvu huipimia, mtungi huinasia, hita huipashia, kichujio huisafishia, na swichi huizima inapobidi. Ulinzi huo hukamilika pale tu mhudumu anapoelewa kinachosemwa na kila sehemu. Sotet ya mursik ililindwa na maarifa yaliyorithishwa kwa lugha ambayo kila mtu nyumbani aliielewa. Tenki la chuma halina budi kupewa urithi kama huo.