NYAYA ZA NDEGE YENYE MABAWA YA JUU NA YA CHINI

Ndege ya kwanza niliyoiunda kwa mkono wangu ilitosha kukaa juu ya kiganja, nami niliiona nzuri sana mpaka siku nilipomwonyesha mzee mmoja jirani yangu, ambaye katika ujana wake alikuwa fundi wa eropleni ndogo. Mzee huyo ana ugonjwa wa macho wa namna ile isiyorudisha nuru iliyokwisha potea. Jicho la kushoto halioni tena, na la kulia linafifia. Aliisogeza ndege karibu na jicho hilo, akaitazama kitambo kirefu, kisha akasema, “Karani, hii itaruka vizuri, lakini siku ya kutua mabawa yake yatalegea kama masikio ya mbuzi.”

Mimi nilicheka, lakini yeye hakucheka. Alinieleza kwamba nilikuwa nimefunga nyaya za upande mmoja tu.

Ndege ile ilikuwa mfano wa Tiger Moth, eropleni ya mafunzo ya Waingereza iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1931, ambayo vijana wengi walijifunzia urubani wakati wa Vita Kuu ya Pili, hata kule Rhodesia ya Kusini. Ndege za mabawa mawili, moja juu ya jingine, si ngeni kwetu. Mwaka 1916 kikosi cha 26 cha marubani wa Afrika Kusini kilikuja na ndege za namna hiyo, B.E.2c na Henri Farman, kupigana na Wajerumani upande wa Tanganyika. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege mjini Nairobi akianza na Gipsy Moth, mama yake Tiger Moth kwa ukoo. Na uwanja wa Wilson una jina lake.

Sasa msomaji aliye mkulima alikumbuke lango la boma lake. Mbao nne zikipigiliwa misumari kwenye pembe hazikai mraba. Baada ya juma moja lango limelala upande. Dawa yake ni ubao wa tano unaopita kutoka pembe hata pembe. Mabawa mawili na nguzo zinazoyashika ni lango lile lile, ila badala ya ubao hutiwa waya, kwa kuwa waya ni mwepesi. Lakini waya una kasoro moja: unaweza kuvuta, hauwezi kusukuma. Kwa hiyo lazima ziwe mbili, zikipishana kama herufi X. Ule utokao chini karibu na kiwiliwili kwenda juu ya nguzo za nje huyazuia mabawa yasikunjike kwenda juu wakati hewa inapoyainua. Ule utokao juu katikati kwenda chini ya nguzo za nje huyabeba yasianguke wakati ndege imekaa ardhini. Huo wa pili ndio niliousahau.

Kosa langu jingine lilikuwa uzi. Mfano ule ulikuwa wa kipimo cha 1 kwa 72, ambacho mabawa ya Tiger Moth, yenye mita 8.94 kutoka ncha hata ncha, huwa sentimita 12 na nusu hivi. Nilitumia uzi wa cherehani. Uzi wenye unene wa milimita 0.3 ukikuzwa mara 72 unakuwa karibu milimita 22, yaani kamba ya kufungia fahali. Haishangazi kwamba mzee aliuona hata kwa jicho lile!

“Niundie nyingine iliyo kubwa zaidi,” akasema, “wala usikawie.”

Basi nilipata sanduku la vipande vya plastiki la kipimo cha 1 kwa 48, ambacho mabawa huwa kama sentimita 19, nami safari hii nikafuata utaratibu. Kwanza, rangi hupakwa kabla ya mabawa kuunganishwa, maana baadaye brashi haipiti. Pili, vitundu vya nyaya hutobolewa mapema kwa keke nyembamba kabisa, milimita 0.3, huku bawa limelala mezani. Ukingoja mpaka bawa la juu limekwisha simama, utavunja nguzo. Nilivunja mbili katika ndege ya kwanza. Tatu, ncha za nyuzi hugandishwa kwenye bawa la juu kwanza na kuachwa zining'inie.

Kazi iliyonitoa jasho ni kulisimamisha bawa la juu. Katika Tiger Moth bawa hilo halikai juu ya la chini sawasawa. Jeshi la Anga lilitaka mwalimu aliyekaa kiti cha mbele aweze kuruka na mwavuli bila kunaswa na nguzo, hivyo wachoraji walilisogeza bawa mbele, kisha wakazielekeza ncha za mabawa nyuma ili uzito usipotee mahali pake. Nilikata vipande viwili vya karatasi ngumu ya sanduku la viatu kwa kimo cha nafasi iliyo kati ya mabawa, nikavitumia kama mhimili, nikatazama kutoka mbele, kutoka juu na kutoka ubavuni, kisha nikaiacha gundi ikauke siku nzima. Asiyeweza kungoja aunde ndege ya bawa moja.

Kuhusu nyuzi zenyewe, wengine huyeyusha kipande cha plastiki kwenye mshumaa na kukivuta mpaka kiwe chembamba kama unywele. Ni njia rahisi isiyo na gharama, lakini uzi huo ukiguswa hukatika, nami nilijua kwamba mzee atagusa. Nikachagua uzi mwembamba wa mpira, ambao ukisukumwa kwa kidole hurudi. Huvutwa kidogo tu mpaka unyooke, kwa maana ukizidi utapinda mabawa. Nilifunga mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto, kwa zamu, nikitia tone la gundi kwa ncha ya sindano na kukata masalio kwa wembe mpya. Jioni tatu zilikwisha hivyo, na mke wangu akakataza watoto kupiga chafya karibu na meza.

Nilimpelekea Jumapili alasiri. Hakuisogeza machoni kama ile ya kwanza. Aliiweka magotini, akapitisha ncha ya kidole juu ya nyaya, moja baada ya moja, akihesabu kwa sauti ndogo. “Wa kupaa. Wa kutua. Wa kupaa. Wa kutua.” Kidole kikafuata kiwiliwili mpaka mkiani, kikapapasa usukani upande huu na upande huu.

“Karani,” akasema, “rubani wako atageukaje? Usukani hauna nyaya.”

Nikamwambia ninazo nyuzi mbili zilizobaki nyumbani, na kwamba nitarudi kesho nitokapo ofisini.