Mrija wa Mwanzi: Je, Hesabu Inakubali?

Uko Diani, jua la saa saba linachoma, na mteja amesimama mbele ya kibanda chako akisubiri dafu. Unalichonga, unalitoboa, unampa. Analishika, anakuangalia: "Na mrija?"

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Pakiti ya mirija ya plastiki ilikuwa chini ya meza, bei ya kutupa. Lakini tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye fuo za bahari, mbuga za wanyama, misitu na maeneo mengine ya hifadhi hapa Kenya. Chupa za maji, vikombe, sahani, vijiko, mirija: vyote vimo. Mifuko ya plastiki ilitangulia, tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake si mchezo: faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4.

Kwa hivyo wafanyabiashara wengi sasa wanaangalia mianzi. Kuna mirija, vijiko, miswaki, hata vikombe. Swali ambalo kila mtu wa biashara ndogo anajiuliza ni moja: bei iko juu, hii kitu italipa kweli?

Mianzi ina nini cha ziada?

Mianzi ni jamii ya nyasi. Ukikata shina, lingine linachipua kutoka kwa mizizi ileile, huhitaji kupanda upya. Shina hufikia urefu wake wote kwa miezi michache, ingawa huchukua miaka kadhaa kukomaa na kuwa gumu. Hapa kwetu mianzi ya asili iko nyanda za juu: Aberdare, Mlima Kenya, Mau. Mwaka 2020 serikali iliitambua rasmi kuwa zao la biashara.

Mwanzi mwembamba tayari ni mrija. Uko wazi katikati, kazi ya fundi ni kukata kati ya fundo na fundo, kuchemsha, kukausha na kupiga msasa. Na wazo lenyewe si geni: wazee wa Magharibi wamekunywa busaa kwa mirija mirefu ya mimea tangu enzi za mababu.

Sasa tupige hesabu

Namba hizi ni za mfano tu, weka za kwako. Tuseme unauza madafu 50 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Mrija wa karatasi ni bob 3, unatumika mara moja, unatupwa. Hiyo ni 150 kwa siku, yaani shilingi 3,900 kwa mwezi.

Mrija wa mwanzi tuseme ni bob 40. Unanunua 100, ndio wengine wakauke huku wengine wakitumika. Hapo umetoa 4,000. Ongeza bob 40 kwa siku ya sabuni, maji na makaa ya kuchemshia, na mwezi wa kwanza umetumia 5,040. Umepita karatasi kwa 1,140.

Mwezi wa pili, tuseme mirija 30 imepasuka au imepotea, ukanunua mingine kwa 1,200. Ukijumlisha na kusafisha, ni 2,240. Karatasi ingekula 3,900 ileile. Kwa miezi miwili, mianzi imekugharimu 7,280 na karatasi 7,800. Umetangulia kwa 520, na kila mwezi unaofuata unabaki na 1,660.

Umeona siri iko wapi? Usilinganishe bei ya mrija mmoja na mwingine. Linganisha bei ya kila dafu unalouza.

Mwezi wa kwanza ndio unauma

Tatizo la mtu wa kibanda ni kwamba 4,000 inatakiwa mara moja, na yeye pesa inaingia bob mia mia. Ndiyo maana wengi hubaki na kilicho rahisi leo, hata kama kesho ni ghali.

Dawa yake ni kutenganisha. Pokea malipo ya wateja kwa till, si kwa namba yako ya kawaida, ili pesa ya biashara isichanganyike na ya unga na karo. Kila jioni hamisha 150 kwenye akaunti ya akiba. Kwa siku 27 una 4,050, bila deni. Ukiamua kukopa, angalia ada kwanza: mkopo ukikula zaidi ya ile 1,660 unayookoa kwa mwezi, subiri akiba ijae.

Na usibahatishe. Fungua taarifa ya malipo yako ya mwezi uliopita, uone mirija na vikombe vimekula ngapi. Wengi hushtuka.

Kabla hujatuma pesa

- Agiza sampuli. Nunua mirija 5, itumie wiki nzima, ichemshe kila siku. Ikipasuka yote, umepoteza 200, si 4,000.
- Soma jina kabla ya kuthibitisha malipo. Likiwa tofauti na la muuzaji, simama, mpigie.
- Usilipe yote kabla ya mzigo. Kubalianeni kianzio, baki ulipe ukishahesabu.
- Uliza imetengenezwa na nini. Vikombe vingine vinavyoitwa vya mianzi ni unga wa mianzi uliochanganywa na plastiki ya melamini. Hiyo haiozi, na haifai kwa chai moto. Mswaki nao, mpini ni mwanzi lakini nyuzi mara nyingi ni nailoni.
- Uliza imetoka wapi. Mianzi ya misitu ya serikali haikatwi ovyo, kibali kinahitajika.

Na jambo moja tuseme wazi: kama huna maji safi ya kutosha, usitumie mrija huo kwa mteja wa pili. Mrija unataka brashi ya kupita ndani, maji moto, na kukauka kabisa. Ukiwa na ufa au weusi, tupa. Njia nyingine ni kumuuzia mteja mrija aende nao. Mgeni wa ufuoni anapenda ukumbusho, na wewe umeepuka kuosha.

Dafu lenyewe lilishatufundisha. Nyama yake tunaila kwa kijiko kilichochongwa pale pale kwenye ganda lake, hakuna plastiki, hakuna gharama. Mrija tu ndio ulibaki.

Leo jioni kabla hujafunga kibanda, hamisha ile 150 ya kwanza.