Gari la Spoti na Miezi ya Chumvi

Nchini Ujerumani, ambako magari ya spoti yana heshima kubwa na majira ya baridi ni marefu, mmiliki wa gari la aina hiyo hukabiliwa kila ifikapo Oktoba na uamuzi usioepukika: ama gari lilazwe ndani hadi majira ya kuchipua, ama liendelee kutembea katika barabara zenye unyevu, barafu na chumvi. Sheria ya nchi hiyo inautambua uamuzi huo, kwani tangu mwaka 1997 yapo mabati ya namba za msimu, yaani namba za usajili zinazoliruhusu gari kuwa barabarani kwa miezi iliyotajwa tu, isiyopungua 2 wala kuzidi 11 kwa mwaka. Mwezi wa kuanza na mwezi wa kumalizia huandikwa ukingoni mwa bati, 04 juu ya 10 kwa mfano, na kodi pamoja na ada ya bima hutozwa kwa kipindi hicho peke yake. Nje ya kipindi hicho gari haliruhusiwi hata kuegeshwa kando ya barabara ya umma.

Wengi huudhania ubaridi kuwa ndio adui, ilhali ubaridi wenyewe hudhuru kidogo kuliko maji na chumvi vinavyoandamana nao. Chumvi humwagwa barabarani kwa sababu maji yaliyochanganyika nayo hayagandi kwenye nyuzijoto 0 kama maji safi, bali mchanganyiko wenye chumvi ya kutosha huweza kubaki kimiminika hadi karibu na nyuzijoto 21 chini ya sifuri. Malori ya barabara kuu za Ujerumani humwaga chumvi iliyokwisha kuloweshwa, kwa kawaida sehemu 70 za chumvi kavu na sehemu 30 za maji ya chumvi, ili isipeperushwe na upepo; na sifa hiyohiyo ya kung'ang'ania lami huifanya ing'ang'anie pia uvungu wa gari, mabomba ya breki na vichwa vya bolti. Kutu ni mmenyuko wa chuma, oksijeni na maji, nayo chumvi huyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, hivyo mmenyuko ukaenda mbio.

Hapa pana jambo ambalo wamiliki wengi hulisahau. Mimenyuko ya kikemia huongezeka kasi kadiri joto linavyopanda, na chumvi ya kawaida huanza kufyonza unyevu wa hewani na kuyeyuka pale unyevu huo unapofikia takribani asilimia 75. Kwa hiyo gari lililochafuka kwa chumvi, likaingizwa kila usiku katika banda lenye joto lakini lisilopitisha hewa, huliwa na kutu upesi kuliko gari lililoachwa katika banda baridi na kavu. Banda bora si lile lenye joto, bali lile lenye hewa kavu na halijoto isiyopandapanda na kushukashuka, kwa kuwa chuma kilichopoa kikikutana na hewa yenye unyevu hutoa jasho juu yake.

Jambo hilo linawahusu hata wanunuzi wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, kwani magari mengi yaliyotumika huagizwa kutoka Japani na Uingereza, nchi ambazo baadhi ya barabara zake humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na bodi inayong'aa haisemi lolote kuhusu hali ya uvungu. Mnunuzi makini huomba picha za chasisi, viungio vya sospensheni na sehemu za kuwekea jeki kabla ya kulipa. Watengenezaji nao wamepambana na tatizo hilo kwa muda mrefu: mwaka 1975 Porsche ilianza kutumia mabati yaliyopakwa zinki kwa bodi ya modeli yake ya 911, zinki ikiwa ni metali inayokubali kuliwa kwanza ili chuma kilicho chini yake kisalimike. Hata hivyo, kinga hiyo ni ya bodi, haizilindi bolti, ekzosi wala viungio vya nyaya.

Anayeamua kulilaza gari hana budi kulilaza kikamilifu. Uvungu huoshwa vizuri, kisha gari huendeshwa hadi likauke. Oili ya injini hubadilishwa kabla ya kulala na si baada ya kuamka, maana oili iliyotumika hubeba maji na asidi zitokanazo na mwako, na haifai kuziacha zikae juu ya beringi kwa miezi mitano. Matairi huongezwa upepo ili yasipate ubapa mahali yanapokalia. Breki ya mkono haivutwi, kwa kuwa pedi huweza kugandana na diski, badala yake magurudumu huwekewa kabari. Betri huunganishwa na chaja inayojirekebisha yenyewe, na hili ni la lazima, kwani betri iliyojaa chaji haigandi kwa baridi ya kawaida ya Ulaya, lakini iliyoisha chaji huweza kuganda kwenye nyuzijoto 10 hivi chini ya sifuri na kupasuka. Mdomo wa ekzosi na njia ya hewa ya injini huzibwa dhidi ya panya, na lazima kibandikwe kikaratasi kwenye usukani cha kukumbusha kuvizibua.

Kosa kubwa kuliko yote, nalo hutendwa kwa nia njema, ni kuliwasha gari lililolazwa kila wiki na kuliacha lingurume kwa dakika kumi. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takribani lita moja ya maji katika umbo la mvuke. Injini inapokuwa imechemka barabara, mvuke huo hutoka wote. Injini baridi inapozimwa mapema, sehemu yake hubaki kama maji ndani ya ekzosi, na nyingine hupenya hadi kwenye oili. Mshale wa joto la maji ya rejeta usimdanganye mwenye gari, kwa maana oili huchelewa sana kupata joto ikilinganishwa na maji hayo. Wala dakika kumi hazitoshi kurudisha umeme uliotumika kuwasha. Gari la namna hiyo halikulala wala halikutembea, na mara nyingi huamka likiwa na hali mbaya kuliko lile ambalo halikuguswa kabisa.

Njia ya pili, ya kuliendesha, haistahili dharau inayopewa. Gari linalosafiri mwendo mrefu na kuoshwa uvungu mara kwa mara huwa na afya kuliko lililolazwa ovyo. Sharti ni matairi. Mpira wa matairi ya kiangazi huanza kuwa mgumu joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, hivyo hupoteza mshiko hata pasipo theluji. Sheria ya Ujerumani inadai, tangu mwaka 2010, matairi yanayofaa kila barabara inapokuwa na barafu au theluji, na tangu Oktoba 2024 ni lazima yawe na alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Porsche 911, ambayo injini yake hukaa nyuma ya ekseli ya nyuma na hivyo kuyalemea magurudumu yanayoisukuma, hupata mshiko mzuri inapoondoka kwenye theluji, ingawa magurudumu ya mbele, yasiyo na uzito mkubwa, huhitaji mkono mtulivu kwenye kona. Modeli hiyo ilishinda mbio za Monte Carlo, zinazofanyika Januari katika milima ya Ufaransa, kwa miaka mitatu mfululizo: 1968 ikiwa na Vic Elford, kisha 1969 na 1970 ikiwa na Björn Waldegård, Msweden yuleyule ambaye Wakenya wanamkumbuka kwa ushindi wake mara nne katika Safari Rally.

Kwa aliyelilaza, kuamka nako kunataka subira. Siku ya kwanza ya jua mwezi Machi hushawishi, lakini chumvi bado imo katika nyufa za lami, na hubaki humo hadi mvua kubwa zitakapoisomba. Aliyechagua namba za msimu zinazoanza mwezi wa 04 amejiepusha na sehemu kubwa ya hatari hiyo. Kabla ya kuondoka, upepo wa matairi hurudishwa kwenye kiwango chake, kiowevu cha breki hukaguliwa, na kilomita za mwanzo huendeshwa taratibu huku breki zikikanyagwa kidogokidogo, hadi utando wa kutu ulioota juu ya diski uondoke na pedi zishike sawasawa pande zote.