Karatasi ya maabara inasema mtamba ni mzima. Ununue?

Tuseme uko Majengo, Sumbawanga, unauziwa mtamba wa miezi 18. Muuzaji anatoa karatasi: damu imepimwa ugonjwa wa Johne, haukuonekana. Kabla hujatoa hela, tuangalie kipimo hicho kinaona nini hasa.

Ugonjwa huu ulielezwa na Johne na Frothingham, Ujerumani, mwaka 1895. Bakteria wake ni ndugu wa yule wa kifua kikuu, na hujificha kwenye ukuta wa utumbo. Ndama humpata akiwa mdogo, kupitia kinyesi, dang'a au maziwa. Dalili huchelewa, mara nyingi miaka 2 hadi 5 au zaidi: ng'ombe anakula vizuri lakini anakonda, anahara bila kukoma, maziwa yanapungua. Wengi hudhani ni minyoo. Dawa ya kuuponya haipo.

Maabara inafanya hivi. Damu huachwa igande, kisha majimaji yake, yaani seramu, huwekwa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96 vilivyopakwa vipande vya bakteria huyo. Kingamwili zikiwepo, zinanasa. Baada ya kuosha, huongezwa kemikali na rangi inatokea. Kingamwili zikiwa nyingi, rangi inakolea. Kipimo hiki huitwa ELISA.

Umeona tatizo? Hatumtafuti bakteria mwenyewe, tunatafuta silaha za mwili dhidi yake. Na miaka ya mwanzo mwili hupambana naye zaidi kwa seli, kingamwili zinakuja baadaye.

Chukua mfano wa hesabu tu. Ng'ombe 100, walioambukizwa 10. Kipimo kinakamata 3, na kinamsingizia mzima 1. Waliobaki ni 96 wenye majibu mazuri, na ndani yao wamo 7 wenye ugonjwa!

Kwa hiyo karatasi ya mtamba peke yake inakuambia kidogo sana. Uliza habari za mama yake na za zizi alikotoka: ng'ombe wakubwa wamepimwa, na upimaji unarudiwa kila mwaka? Akikutwa na kingamwili, usikimbilie kuchinja. Kinyesi kipimwe kwanza kuthibitisha. Na ndama wako watenge na kinyesi cha wakubwa, maana sehemu zenye baridi na unyevu bakteria huyu huishi nje ya mwili miezi mingi. Baridi ya Ufipa unaijua.